"Sista, usimchome huyu mtoto"

Ukifanya kazi zahanati za Kyela, maneno haya utayasikia kila msimu wa mvua. Huku chini, kando ya Ziwa Nyasa, malaria bado ipo. Wenzangu wa Tukuyu, kwenye baridi yao, wanadhani natia chumvi.

Mtoto analetwa macho yamegeuka, mikono imekakamaa. Ananuka moshi maana kafukizwa kwanza. Mkononi ana kamba nyeusi, tena imefungwa palepale ninapotafuta mshipa. Bibi kasimama mlangoni: "Hilo ni degedege, mwanangu. Ukimchoma anakufa."

Bibi hasemi ya kusikia. Ameona kwa jirani: mtoto kachomwa sindano, kafa. Asichokihesabu ni siku mbili za mafusho zilizotangulia, malaria ikapanda kichwani, sukari ikashuka. Sindano ikaja mwisho, kesi ikaiangukia yenyewe. Na wanaopona kwa mganga ni wengi kweli, kwa sababu degedege la homa, lile la watoto wa miezi 6 hadi miaka 5, mara nyingi hukoma lenyewe ndani ya dakika chache. Mganga anaondoka na kuku.

Kwa hiyo sibishani. Diazepamu, dawa ya kukatisha degedege, naipitisha njia ya haja kubwa, na kabla ya hapo namwonyesha bibi bomba: aone halina ncha. Mtoto akilegea, bibi naye analegea. Akiwa wa rufaa, ipo artesuneti, dawa ya malaria, ya kuweka njia hiyohiyo wakati gari linatafutwa. Kamba siikati, naisogeza juu ya kiwiko. Wapo wanaoikata kwa mkasi huku wakifoka, kisha wanashangaa mama katoroka na mtoto. Hao ndio wanaotuongezea kazi.

Kinachonishinda ni kipimo cha maji ya mgongo, yanayovutwa kwa sindano kutoka kwenye uti wa mgongo. Homa ya uti wa mgongo na malaria kali kwa macho huwezi kuzitofautisha, lazima upime. Lakini hospitali wakitaja kipimo hicho tu, ukoo mzima unafika: atapooza, atakufa, fulani alitolewa maji hakurudi. Hapo sina ujanja wa kupitia pembeni. Familia ikikataa kabisa, daktari anaanzisha dawa za magonjwa yote mawili kwa kukisia, na mtoto analazwa siku nyingi kwa dawa ambazo pengine nusu yake hakuzihitaji. Zote za sindano.