Siku moja maishani mwangu: afisa ustawi wa jamii, dodoso la sonona na deni la marejesho

Saa 1:00 asubuhi

Kituo cha afya ninachofanyia kazi kiko pembezoni mwa jiji la Tanga, upande wa baharini, na wagonjwa wa kwanza huwa wamekwishakaa kwenye mabenchi ya mapokezi kabla mlinzi hajazima taa za nje. Mimi si daktari wala muuguzi. Ni afisa ustawi wa jamii, na watu wengi hunifahamu kama mtu anayeshughulikia msamaha wa gharama za matibabu kwa wasiojiweza na anayeitwa pale mtoto anapotelekezwa. Kazi hizo ninazo bado, lakini sehemu kubwa ya siku yangu sasa huenda kwa watu wenye sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, na wasiwasi, ambao takriban wote hawakuja kituoni kwa ajili hiyo. Walikuja kwa presha, kwa kliniki ya wajawazito, kwa dawa za kufubaza virusi, au kwa maumivu ya kichwa ambayo maabara haikuyapatia jibu.

Kabla ya lolote hufungua daftari la ufuatiliaji nione nani anapaswa kupimwa upya leo, na nani alipaswa kuja juzi na hakuonekana. Leo asiyeonekana ni kijana dereva wa bodaboda, na jina lake nimelizungushia duara.

Saa 2:00 asubuhi

Muuguzi wa zamu hunipa dakika chache za elimu ya afya pale mabenchini. Ninaeleza dalili kama watu wanavyozieleza wenyewe: usingizi unaokatika saa 9 usiku na usirudi, mwili kuwa mzito kama umebeba gunia, moyo kwenda mbio bila sababu, mawazo yasiyokwisha, chakula kukosa ladha. Kisha nasema kwamba dalili hizo zina matibabu, na kwamba matibabu hayo si vidonge peke yake.

Mzee mmoja ameuliza kama nina maana ya kuwapeleka watu Lutindi. Ni swali la haki, kwa sababu mkoani kwetu hospitali hiyo ya milima ya Usambara, wilayani Korogwe, inafahamika kwa kila mtu. Nimemjibu kwamba wengi ninaowaona hawahitaji kulazwa popote, lakini pia nimemkumbusha kwamba Lutindi, iliyoanza kupokea wagonjwa wa akili mwanzoni mwa karne ya 20, imejulikana kwa kuwatibu kwa dawa pamoja na kazi za mikono na za shambani. Anayedhani kwamba kutibu akili kwa njia ya maisha ya kila siku ni jambo lililoletwa juzi na miradi ana mfano huo karibu na nyumbani.

Saa 3:00 asubuhi

Mama muuza samaki ameletwa kwangu na daktari kwa sababu presha yake haishuki ingawa dawa anameza. Nimemwamkia, ameitikia "marahaba mwanangu", nimefunga mlango na kuhamisha kiti changu kutoka nyuma ya meza nikae upande wake.

Dodoso ninalotumia ni PHQ-9, lenye maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita. Kila swali lina majibu manne: hapana kabisa, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku hizo, au karibu kila siku. Majibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, kwa hiyo jumla haizidi 27, na kuanzia 10 kwenda juu tunachukulia kwamba sonona inahitaji kushughulikiwa kwa dhati. Simkabidhi mtu karatasi ajaze. Namsomea, kwa sababu wapo wasiosoma kwa urahisi, na kwa sababu namna mtu anavyonyamaza kabla ya kujibu hunieleza mengi ambayo alama haiwezi kuyabeba.

Kila swali hulisoma kwanza kama lilivyoandikwa. Swali la saba, linalohusu kushindwa kutuliza akili wakati wa kusoma gazeti au kutazama televisheni, mara nyingi haligusi maisha ya mtu aliye mbele yangu, hivyo baada ya kulisoma huongeza mfano wa kazi yake na kuandika pembeni kwamba nimeongeza. Nimemuuliza kama hupoteza hesabu anapomrudishia mteja chenji. Amesema watoto wa jirani sasa ndio wanaomhesabia.

Swali la tisa linauliza kuhusu mawazo ya kutamani kufa au kujidhuru. Wapo wahudumu wanaolipita haraka, au wanaolainisha maneno mpaka swali lenyewe linapotea, wakihofu kwamba kuuliza kutampandikizia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Sivyo, kuuliza waziwazi na kwa utulivu humpa mtu ruhusa ya kusema alichokuwa amekibeba peke yake. Hofu iliyo kubwa zaidi iko upande wa anayeulizwa, kwa kuwa kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinafanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na watu wanalifahamu hilo hata kama hawajui namba ya kifungu. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilitamka mwezi Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinakiuka katiba. Ninatamani siku yetu ifike, kwa sababu ninaona kila wiki jinsi kifungu hicho kinavyowafunga watu midomo mbele ya mtu aliye tayari kuwasaidia.

Mama amekaa kimya, akakunja pindo la khanga, kisha akasema: "Siku nyingine natamani nilale nisiamke." Nimemuuliza kama amewahi kufikiria njia ya kujidhuru, kama kuna kitu amekiweka tayari, na nani analala naye nyumbani. Hana mpango, na mdogo wake wa kike anakaa nyumba ya tatu kutoka kwake. Jumla ya alama ni 16.

Baada ya hapo nimeliweka dodoso kando na kumuuliza kitu gani kilianza kwanza. Kilichoanza ni mkopo wa kausha damu, ule wa riba kali. Aliuchukua kwa ajili ya mtaji, marejesho kila Alhamisi, wanakikundi wakidhaminiana. Upepo wa kusi ulipokolea na vyombo vidogo vikashindwa kutoka, samaki wakawa wachache na bei ikapanda. Akachukua mkopo wa pili mahali pengine ili alipe wa kwanza, na wiki ya tatu wakaja kubeba friza lake la kuhifadhia samaki. Tangu siku ile haendi kwenye kikoba, haendi msibani, hapiti njia ya sokoni, kwa sababu kila njia ina mtu anayemdai. Usingizi ulikatika usiku wa kuamkia Alhamisi, kisha ukawa unakatika kila usiku. Dodoso linaweza kuonyesha kwamba ana sonona na ni nzito kiasi gani, lakini halina swali hata moja kuhusu friza.

Saa 5:00 asubuhi

Nimekaa na daktari. Mwongozo wa mhGAP, mpango wa kuziba pengo la huduma za afya ya akili ambao Shirika la Afya Duniani liliuanzisha mwaka 2008, uliotungwa kwa ajili ya wahudumu wasio mabingwa, unatutaka tushughulikie shida zinazomkandamiza mgonjwa na kuimarisha watu wanaomzunguka, sambamba na ushauri nasaha na dawa pale zinapohitajika. Tumekubaliana kwamba dawa ya presha iendelee, mimi nianze naye vikao vya kutatua matatizo, tumwone tena baada ya wiki moja, na tukiona hali haisogei daktari ampe dawa ya sonona. Yeye mwenyewe ameridhia mdogo wake aitwe, na tumeandika pamoja nani atampigia wazo la kutoamka likirudi usiku.

Vikao hivyo tumejifunza kwa majirani. Mwaka 2006 huko Mbare, mjini Harare, daktari bingwa wa afya ya akili Dixon Chibanda alianza kuwafundisha bibi wa mtaani kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki, kumsikiliza mtu ataje matatizo yake, achague moja, na atoke na hatua moja anayoiweza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha watu 573 katika kliniki 24, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliobaki na dalili za sonona walikuwa asilimia 13.7 kati ya waliokaa na bibi hao, na asilimia 49.9 kati ya waliopata huduma ya kawaida. Ninaitaja takwimu hiyo kila ninapoambiwa kwamba mazungumzo si tiba. Mpango huo umekwishafika Zanzibar, ng'ambo ya bahari hii hii ninayoitazama dirishani.

Saa 8:00 mchana

Nimekwenda ofisi ya serikali ya mtaa kwa ajili ya deni. Mama amenipa idhini ya kuzungumzia mkopo tu, hivyo mwenyekiti wa mtaa hajui lolote kuhusu alama 16, na hapaswi kujua. Tumemwita wakala wa wakopeshaji na kumwomba mambo mawili: leseni na mkataba. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni, na kubeba mali ya mtu kutoka nyumbani kwake kwa mabavu si utaratibu wa kudai. Wakala ametoa mkataba. Leseni ameahidi kuileta. Amekubali kukaa Jumatatu mbele ya mwenyekiti ili marejesho yapangwe upya kwa kadiri ya kipato cha msimu wa kusi, na friza likaguliwe lilipo.

Afisa maendeleo ya jamii wa kata, ambaye ni mtu wa msaada sana, ameshauri mama aingizwe kwenye kikundi kinachoomba mkopo usio na riba wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani. Nimemshukuru, lakini nimeomba tusubiri. Mtu anayeshindwa kuhesabu chenji hapaswi kupewa deni jingine wiki hii, hata kama halina riba.

Saa 9:30 alasiri

Kikundi cha wanawake hukutana kwenye ukumbi mdogo nyuma ya kituo. Wote walipitia dodoso na kukutwa na sonona, na kwa wengi chanzo ni mojawapo ya mambo yanayojirudia: kufiwa, ugomvi ndani ya nyumba, kuhamia mahali pageni, au upweke. Mtindo wa kukaa kikundi kuzungumzia mambo hayo ulipimwa Uganda, katika vijiji 30 vya wilaya za Rakai na Masaka, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2003. Nilichokipenda zaidi katika kazi ile ni namna walivyopima. Pamoja na kuhesabu dalili, waliwauliza wenyeji wenyewe mwanamke wa hapa hufanya kazi gani za kila siku, na mwanamume hufanya zipi, kisha wakatengeneza kipimo cha utendaji kutokana na majibu hayo.

Nasi tumefanya hivyo. Kina mama wa kikundi ndio waliotaja kazi zenyewe, nami nikaandika: kupika, kufua, kuoga na kujipamba, kwenda sokoni au kwenye mwani, kuhudhuria kikoba, kufuatilia masomo ya watoto, kwenda msibani na kushika kazi huko. Hiyo ya mwisho walibishana kuiweka ya kwanza, kwa sababu mwanamke asiyeonekana msibani anaonekana na mtaa mzima kwamba ana jambo. Kila mwezi kila mmoja hueleza kazi ipi ni ngumu na kwa kiasi gani. Leo mama mmoja ambaye alama zake za PHQ-9 zimeshuka kidogo sana ameeleza kwamba juzi alikwenda kwenye msiba wa jirani na kukaa jikoni mpaka jioni akikuna nazi. Wenzake wamempigia vigelegele. Ningetazama alama za dalili peke yake, ningeandika kwamba hajaendelea.

Hutokea kinyume chake pia, dalili zikashuka huku mtu akiendelea kujifungia ndani, na huyo simtoi kwenye daftari.

Saa 11:00 jioni

Yule dereva wa bodaboda nimemkuta kijiweni. Hakuja kwa sababu siku ya miadi ndiyo siku anayopeleka hesabu kwa mwenye pikipiki. Tumehamishia miadi Jumapili alasiri, na nimempima palepale chini ya mwarobaini, mbali na wenzake. Alama zimetoka 12 hadi 8.

Saa 1:00 usiku

Ninaandika kumbukumbu. Fomu ya mwezi ninayotakiwa kuijaza ina safu ya idadi ya waliohudumiwa, lakini haina safu ya waliopimwa mara ya pili, wala ya waliorudi kazini, wala ya deni lililopangwa upya. Kwa fomu hiyo, mama wa samaki atahesabiwa mmoja leo, na atahesabiwa mmoja hata kama hatutamwona tena. Ninaamini hapo ndipo huduma zetu zinapopotea: tunasifiwa kwa kuwaona watu wengi, na hatuulizwi kama wamepata nafuu.

Kwa hiyo nimemwandikia mganga mfawidhi ombi la nafasi katika kikao cha Ijumaa. Ninaomba kila anayepata alama 10 au zaidi apimwe tena baada ya wiki nne kwa dodoso lilelile na kwa orodha ya kazi za kina mama, ninaomba mhudumu wa afya ngazi ya jamii mmoja kwa kila mtaa afundishwe kuwafuatilia wasiorudi, na ninaomba nauli yao iwekwe kwenye bajeti ya robo mwaka ijayo.

Mdogo wake mama amepiga simu wakati ninapiga muhuri barua hiyo. Atalala kwa dada yake mpaka Jumatatu, na ameuliza kikao cha deni kinaanza saa ngapi. Nimemwambia saa 3:00 asubuhi, wachukue na daftari la marejesho.