Duka lililonikatalia pesa yangu mara nne

Nianze na hili la karafuu manake ndo lililonifanya nikae chini niandike.

Mwezi uliopita tulikuwa na harusi Pemba, kule Wete, mtoto wa ami yangu anaoa, na mie kama kawaida yangu zawadi nimeikumbuka siku ya mwisho, boti kesho asubuhi na nguo zenyewe sijapiga pasi. Nikapita pale dukani nyuma ya majumba ya Michenzani, hapa mjini Unguja, nikaona kikapu kizuri cha ukili, ndani vifuko vya viungo vimefungwa utepe mwekundu, mdalasini, iliki, kungumanga, karafuu, nikasema hiki hiki, nikaweka pesa juu ya kabati. Mwenye duka akaniuliza unampelekea nani, nkamwambia. Akanitizama. Akazisukuma zile pesa taratibu kwa kidole kimoja zikanirudia.

"Dada, unawapelekea Wapemba karafuu?"

Weee! Nilicheka mpaka nikatafuta pa kukaa. Manake kweli, karafuu nyingi za nchi hii zinatoka kulekule, msimu ukifika ukipita njia za Pemba zimeanikwa kwenye majamvi kila uwanja, harufu inakufata mpaka ndani ya gari, pengine na hiyo harusi yenyewe imesimama kwa pesa ya karafuu, alafu mie mtoto wa mjini nashuka Mkoani na kifuko cha gramu 50 chenye utepe. Ningesemwa mpaka bi harusi apate wajukuu. Akaniambia hiki nawauzia wageni wanaorudi kwao Ulaya, wewe kimbia Mchangani kachukue doti ya kanga na usome jina kabla hujalipa, alafu niletee nikufungie. Nikaenda, na wallahi doti ya mwanzo niliyoishika rangi tamu lakini jina limekaa kijembe kitupu, ukimpelekea bi harusi mnaanza ugomvi kabla ya fungate. Nikachukua ya Wema hauozi. Kanifungia kwa karatasi na kamba ya ukili, elfu mbili tu. Mwenye kikapu kakosa kuuza kikapu.

Sasa hilo ndo duka lenyewe. Jina silitaji, bango lenyewe halina, limeandikwa tu ZAWADI kwa rangi ya kopo na herufi ya mwisho imeshaanza kubanduka. Ukiingia mkono wa kulia utaona vitu vya zawadi, vikombe, fremu, vikapu, udi, sabuni za mwani. Kushoto ukutani zimetundikwa sketibodi, zile mbao za kusimamia zenye magurudumu chini. Nyuma kabisa kuna pazia, ndani kitanda, taa kubwa na kabati la vioo, huko ndo wanatoboa masikio na pua. Watu wakisikia mara ya kwanza wanadhani nawatania, duka gani hilo, lakini nenda kasimame pale saa kumi jioni uone, mama kaja kufungiwa zawadi ya mwalimu, watoto wamejaa mlangoni wanabishana habari za magurudumu, na wasichana wawili wa chuo wamekaa kwenye benchi wameshikana mikono wanaogopa sindano.

Mimi pale nilifikishwa na mtoto wa kaka yangu. Ana miaka 11, anakaa Kiponda, ndani ya Mji Mkongwe, na kaona kwenye simu yule msichana wa Kijapani Momiji Nishiya aliyechukua dhahabu ya sketibodi kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 akiwa na miaka 13, na ndo mara ya kwanza mchezo huo kuingia Olimpiki, basi tokea siku hiyo nyumbani hakukaliki. Shangazi sketibodi, shangazi sketibodi. Kwanza nikajifanya mjanja nikamnunulia moja ya plastiki kwenye mtumba, elfu ishirini. Magurudumu yake ukiyazungusha kwa mkono yanasimama hapohapo kama yamekasirika. Kaanguka nayo siku ya kwanza, siku ya pili kaigeuza meza ya mdoli.

Ndo nikaenda pale. Nikamchagulia ile iliyotundikwa juu kabisa, imechorwa joka linatema moto, laki na nusu, nikasema leo ntakuwa shangazi wa mwaka. Mwenye duka hajaishusha hata. Akamuuliza mtoto unakaa wapi, mtoto akasema Kiponda, akasema "Kiponda?" kwa sauti ya mtu aliyeambiwa kuna samaki juu ya mnazi. Alafu akanifundisha kitu ambacho sikukijua, kumbe magurudumu ya sketibodi yana ugumu wake na umeandikwa kabisa pembeni, yale ya joka ni 99A, magumu kama jiwe, yanataka sakafu laini ya saruji. Kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe likikutana na kokoto dogo tu gurudumu linasimama, ubao unasimama, mtoto hasimami. Yeye anaendelea mbele kwa mdomo. Kwa njia zetu unataka 78A hivi, laini, linamezea vijiwe. Na ule ubao wenyewe ulikuwa mpana wa mtu mzima, mguu wa mtoto wa miaka 11 hauushiki vizuri.

Kwaio siuzi hii, kasema, chukua hiyo ya zamani pale pembeni, bure, wiki moja, akiirudisha na bado anaitaka njooni tuongee.

Nani anafanya biashara hivo? Mie nilitoka nimenuna, nakwambia ukweli, manake nilishajiandaa kwa ile furaha ya kununua. Lakini wiki ile tukawa tunatoka baada ya sala ya alfajiri mie na yeye mpaka Forodhani, ile bustani tokea ilivotengenezwa upya 2009 ina sakafu nzuri, na saa hizo hakuna mtu isipokuwa paka na wale wanaofagia, jioni usithubutu kuna mishkaki na urojo na wageni utamwangusha mtu kwenye mkaa. Siku ya tatu akaweza kwenda bila kunishika bega. Mie nikakumbuka kaka zangu na vile vigari vyao vya mbao na beringi, kelele yake mtaa mzima unajua wanakuja, tena sisi wasichana tulikuwa tunaruhusiwa kusukuma tu, kupanda hatupandi.

Tuliporudi akamuungia ubao mwembamba zaidi na magurudumu laini, jumla elfu tisini. Yani chini ya joka! Hapo nikaanza kumuelewa huyu kaka.

Mafuta ya nazi sasa. Baada ya miezi miwili ubao ukaanza kulia kama mlango wa kizamani, bibi yetu mzaa baba akasema mtie mafuta ya nazi, na mtoto kwa kumtii bibi yake katia kijiko kizima kwenye kila gurudumu. Mchanga wote wa Forodhani ukaganda humo. Nikaupeleka dukani, yule kaka akazitoa beringi moja moja, nane zote, akazilaza kwenye kikopo cha petroli, akazikausha, akadondosha tone moja moja la mafuta ya cherehani. Akasema kwetu hapa adui ni chumvi, hewa ya bahari inazila beringi hata kama huchezi, kwaio ukimaliza futa, usiuache barazani usiku. Na zikifa kabisa hakuna haja ya kuagiza nje, zimeandikwa 608, hizohizo zimo kwenye mashine tele, kaulizie hata kwa mafundi.

Haya, sikio langu.

Miaka kama sita nyuma nilitoboa tundu la pili kwenye saluni moja, sitoitaja. Walitumia ile bunduki, pa, dakika moja umemaliza, bei rahisi, na siku ya nne sikio limekuwa kama andazi. Usaha, homa, vidonge, tundu likaziba na mpaka leo pana kinundu. Basi nilikuwa na hamu ya kutoboa kwa juu, kwenye ile sehemu ngumu ya sikio, nikaona huyu anaonekana msafi nimwendee. Nikakaa kwenye kitanda nikavua mtandio. Akauliza maswali kama mwalimu wa skuli. Unalala ubavu gani? Kulia. Unataka sikio gani? Kulia. Mtandio unaubana na pini au unauzungusha? Nauzungusha, wa kubana, kutwa nzima kazini. Unapanda bodaboda na helmeti? Kila siku.

Akavua glavu.

Akasema dada hapa juu ni gegedu, damu inafika kidogo sana, ndewe ya chini inapona wiki sita mpaka nane lakini hapa ni miezi, wengine inafika mwaka, na wewe utakuwa unakigusa hicho kidonda asubuhi kwa mtandio, mchana kwa helmeti, usiku kwa mto. Ntachukua pesa yako leo na wiki ijayo utanitukana. Nikamwambia basi toboa pua. Pua ikawa sawa, lakini sio siku ile, manake umeme ulikatika hapohapo.

Na hapo ndo mara ya tatu na ya nne zikaungana. Vifaa vyake anavichemsha kwenye mashine kama presha kuka, nyuzi 121 robo saa, au 134 dakika tatu, na bila umeme haiendi. Nikamwambia lakini sindano si mpya ipo kwenye pakti yake? Akasema sindano ndio, na hivi vya kushikia je? Ndo akanieleza na habari ya ile bunduki, kwamba nyingi zina plastiki, huwezi kuzitia kwenye joto hilo zitayeyuka, kwaio damu ya aliyenitangulia mie ilipanguswa tu na spiriti. Nikasisimka mwili. Nikasema tungoje umeme. Tukangoja mpaka magharibi, tukapiga soga za ule mwaka 2009 nyaya ya baharini ilivokufa tukakaa kizani miezi mitatu mpaka 2010, kila mwenye duka mji huu ana hadithi yake ya jenereta. Umeme haukurudi. Nenda nyumbani, kasema.

Nilirudi kesho kutwa yake. Akaniuliza umekula? Ramadhani mchana hatoboi mtu kabisa, anasema mwenye njaa anazimia hata kwa kuona sindano. Nilikula. Akaweka kipini cha titaniamu, sio kile cha kung'aa nilichokitaka, nikeli ndo inawawasha watu. Machozi jicho moja, basi. Kunawa ni kwa maji ya dripu ya duka la dawa, yale ya chumvi 0.9, usikizungushe, usikitie spiriti, na usimsikilize mtu atayekwambia kaoge baharini. Mtu huyo ni bibi yangu bila shaka.

Sio kama duka halina kasoro zake, nisije nikaonekana nimelipwa. Mlangoni kaandika wanafungua saa tatu, mie sijawahi kumkuta kabla ya saa tano. Ijumaa usijisumbue. Yule kijana anayemsaidia macho yake yako kwenye simu, unaweza kusema hodi mara tatu akakujibu "ee" bila kuinua kichwa, na chenji hana siku zote. Na kuna siku nilikuwa na haraka ya kufungiwa zawadi nikangoja nusu saa nzima manake yuko nyuma ya pazia na mvulana wa kama miaka 15 anataka kutogwa sikio moja kama wachezaji mpira. Nasikia tu sauti, kamwite mama'ako. Mama yuko kazini. Basi baba. Kimya. Basi nenda kawaze, kasema, tena mvulana katoka ananitizama mimi kwa hasira utadhani mie ndo niliyemkataza.

Sasa Jumamosi iliyopita bibi kasema anataka kumuona huyo mtu anayewaharibu watoto. Ana miaka themanini na kitu, tukampakia kwenye bajaji, njia nzima anahutubia, mtoto wa kike kusimama juu ya ubao, mjukuu mzima kujitoga pua ukubwani. Tumefika, mwenye duka kainuka, "shikamoo bibi", kampa kiti cha feni. Alafu akayaona masikio yake. Bibi ana matundu mengi, yamepanda mpaka juu kwenye gegedu, ya zamani zile wanawake walipokuwa wanavaa majasi ya karatasi za rangi zilizokunjwa. Akamuuliza nani alikutoga bibi, bibi akaanza hadithi, sindano ya kushonea, uzi, kulia ni aibu, na yule kaka anauliza maswali ya kweli, ulikuwa na miaka mingapi, yalipona kwa muda gani, haya ya juu yaliuma? Bibi kasahau kabisa habari ya sketibodi.

Mwisho akaomba herini. Akachagua zile kubwa za shaba, nzito kama kengele. Nikakaa vizuri nisikilize, manake najua kinachofuata. Na kweli, akaanza, bibi hizi nzito, ndewe zako zimeshalegea zitachanika...

"Mwanangu," bibi kasema, "mie nimezaa wanane. Funga."

Kafunga. Tena kampunguzia elfu moja.