Saa janja, marafiki na milima ya Mbeya: jinsi ya kushirikishana mazoezi bila kuvuruga hesabu

Kikundi cha mazoezi cha watu wanane pale Soweto au Forest, mitaa ya Mbeya, hakikosi saa za aina nne. Wawili wana Garmin, mmoja Apple Watch, mmoja Galaxy, na waliobaki wamevaa zile za bei poa za soko la Mwanjelwa. Wote wanataka kuonana nani kakimbia na nani kalala, lakini kila kampuni imewazungushia wateja wake ukuta.

Kwa Apple, mambo yote yanapitia programu ya Fitness, na kila mshiriki lazima awe na iPhone. Unaweza kualika marafiki hadi 40, na mashindano ni ya watu wawili kwa siku 7, kwa pointi zisizozidi 600 kwa siku. Kwa mume na mke wenye iPhone hiyo inatosha kabisa. Kwa kikundi chenye Tecno na Infinix, haisaidii chochote.

Mchanganyiko wa saa unakutana vizuri zaidi Strava, programu ya simu ya kurekodi na kushirikishana mazoezi, na akaunti ya bure inatosha. Saa inapeleka zoezi kwenye programu yake yenyewe, kisha programu hiyo inalisukuma Strava. Kinachowakwamisha wengi ni hatua ya kwanza: wanaiunganisha saa kupitia menyu ya Bluetooth ya simu, halafu programu ya saa inadai haioni kitu. Ifute saa kwenye menyu ya Bluetooth, fungua programu ya saa, na uanzie humo.

Saa nyingi za bei rahisi haziwezi kupeleka chochote nje ya programu yake. Mwenye nayo abebe simu na arekodi kwa Strava ya simu, saa imhesabie hatua tu. Ila mwenye saa inayotuma yenyewe asiwashe na simu pia, la sivyo zoezi moja litatokea mara mbili na wenzake watadhani kakimbia asubuhi na jioni.

Zoezi lisipoonekana, usianze kulaumu mtandao. Simu nyingi za Android huzima programu zinazokaa nyuma ili kutunza chaji, na programu ya saa huwa ya kwanza kuuawa. Nenda kwenye mipangilio ya betri, itafute programu hiyo na uiondolee kizuizi. Bando nalo si tatizo: zoezi la saa nzima hula data kidogo sana. Kinachokula bando ni picha mnazobandika.

Sasa swali ambalo vikundi vingi hulikwepa: mnashindania nini? Hatua ni kipimo kibovu. Saa inahesabu mkono unavyopunga, si mguu. Anayesukuma toroli sokoni, au anayeshika ndoo kichwani kwa mkono wenye saa, anapunjwa hatua zake. Aliyepanda bodaboda kwenye barabara ya mawe anaweza kuzawadiwa za bure. Mkulima wa viazi Uyole anaweza kushika jembe asubuhi nzima, moyo ukidunda kweli kweli, na bado akashindwa na mtu aliyezunguka tu korido za ofisi.

Kasi nayo haifai kwa watu wa nyanda za juu. Mji wa Mbeya uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa huku ni kama asilimia 82 tu ya ile ya pwani. Rafiki wa Dar es Salaam akija kukimbia huku kwa kasi yake ya kawaida, mapigo yatapanda siku za mwanzo hata kama yuko fiti. Na dakika 15 kwa kilomita ukipanda mlima Loleza ni kazi ya kiume na ya kike, wakati kwenye tambarare ni matembezi.

Kipimo cha haki ni dakika za mazoezi kwa wiki. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa watu wazima ni angalau dakika 150 za juhudi ya wastani, au 75 za juhudi kali. Tahadhari moja: Garmin huzidisha dakika za juhudi kali mara mbili, kwa hiyo nusu saa ya kukimbia inaweza kusomeka 60. Kubalianeni kutumia muda halisi wa zoezi, si jumla iliyopikwa na programu.

Mapigo ya moyo yashirikisheni kwa uangalifu, hasa Juni na Julai. Baridi ya alfajiri inabana mishipa midogo ya ngozi, taa ya kijani ya saa, inayosoma mapigo kupitia damu hiyo, inakosa cha kusoma, na wakati mwingine saa inashika mdundo wa hatua badala ya moyo. Ukiona 170 imenyooka kama rula tangu dakika ya kwanza, na wewe unaongea vizuri tu, hayo si mapigo. Sogeza saa vidole viwili juu ya mfupa wa kifundo cha mkono, kaza mkanda kidogo, ivae moja kwa moja kwenye ngozi na ushushe mkono wa sweta juu yake. Ikishindikana, mkanda wa kupima mapigo unaofungwa kifuani ndio dawa.

Sehemu isiyopaswa kurukwa ni ramani. Januari 2018 watu waligundua kwamba ramani ya joto ya Strava (inayong'arisha njia wanazopita watumiaji wake), iliyotolewa Novemba 2017, ilionyesha njia ndani ya kambi za kijeshi. Kama askari walijianika, mwenye nyumba mtaa wa Block T anayeondoka kila siku saa 11 alfajiri naye anaonekana. Ndani ya Strava, kwenye faragha ya ramani, unaweza kuficha mwanzo na mwisho wa njia kwa umbali kuanzia mita 200 hadi 1,600. Mita 200 ni kidogo mno kwenye mtaa wenye nyumba chache. Weka 600 au zaidi. Kumbuka kificho hicho ni cha Strava tu. Ukipiga picha ya skrini kwenye programu ya saa na kuituma kwenye kundi, geti lako liko palepale.

Kwa anayepanda mlima Rungwe au kwenda ziwa Ngozi, ramani ya moja kwa moja ina maana zaidi ya alama za ushindi. Hapo WhatsApp inatosha: tuma eneo hai kwa muda wa saa nane, kwa mtu mmoja mnayeaminiana. Mtandao ukikatika msituni, ataona nukta ya mwisho tu, hivyo mwambie na muda wa kurudi.

Ukiuza saa, iondoe kwanza kwenye programu yake, kisha ifute kabisa. Apple Watch isiyotenganishwa na akaunti ya mwenyewe hubaki imefungwa, na mnunuzi atarudi na saa yake akidai hela.