Futari kwenye Meza ya Bata Mzinga

Nilipokuwa nasoma kilimo Madison, jimbo la Wisconsin, nilisoma maandishi madogo ya nyuma ya pakiti za vyakula kwa makini kuliko vitabu vya darasani. Jelatini hii ya mnyama gani? Mafuta haya ya mbegu au ya nguruwe? Kisha Msomali mmoja niliyekuwa naswali naye akanionyesha njia ya mkato: tafuta alama ya vegani, wale wasiokula kitu chochote kinachotoka kwa mnyama, halafu hakikisha hakuna pombe ndani. Umemaliza. Basi nikawa nakula chakula cha vegani bila kuwa mmoja wao, na wala sikuwahi kukutana nao ana kwa ana.

Mtihani ulikuwa Sikukuu ya Shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba. Bata mzinga hakuchinjwa kihalali. Vipande vya mkate vilivyoshindiliwa tumboni mwake vimenyonya mafuta yake, na mchuzi mzito umepikwa kwa mafuta hayohayo. Viazi vitamu, ambavyo ungedhani ndiyo salama yako, wamevifunika kwa peremende nyeupe laini zenye jelatini, na mara nyingi ni ya nguruwe. Unabaki na viazi vya kuponda na rojo ya kranberi, yale matunda mekundu makali ambayo Wisconsin inayalima kuliko jimbo lolote la Marekani. Wenyeji wanakutazama kwa huruma wakidhani unaona haya kujipakulia.

Mwaka 2016 nilikuwa nimepanga chumba kwa mama mmoja mjane, umri umeshapita sabini, mcheshi, ila jikoni mwake hakuingia mtu. Wiki moja kabla ya sikukuu nilimkuta amekaa mezani na kalamu, orodha ya vyakula imekatwakatwa. Mjukuu wake, binti aliyekuwa chuoni Milwaukee, alikuwa ametangaza kwamba ameacha nyama, samaki, mayai, asali na maziwa. Hilo la maziwa ndilo lililowasha moto, kwa sababu baba yake anafuga ng'ombe wa maziwa. Na hii ni Wisconsin, ambako hata kwenye vibao vya namba za magari wameandika kwamba ndiyo nchi ya maziwa ya Marekani. Bei ya maziwa ilikuwa imeporomoka tangu mwaka uliotangulia, wafugaji wana machungu yao, halafu mwanao wa kumzaa anakwambia hatakunywa unachokamua.

Mama mwenye nyumba akaniuliza kwetu tunakula nini siku ambazo hakuna nyama. Nikamwambia aniachie jiko Jumatano. Alifikiri kidogo, akakubali, kwa sharti kwamba oveni ni yake.

Jumatano saa mbili asubuhi nikampigia shangazi Tanga, kule ilikuwa saa kumi na moja jioni.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba, hujambo?"

"Sijambo. Nielekeze boga la nazi."

"Ramadhani imeshapita zamani. Boga la nini sasa?"

Nikamweleza: kuna sikukuu, na kuna mtoto hali nyama, hali samaki, hanywi maziwa, hali yai.

"Masikini. Anaumwa?"

"Haumwi, shangazi. Kajitakia mwenyewe."

"Basi mpikie futari. Hapo tabu iko wapi?"

Alivyolisema, nikaona kweli tabu haipo. Utoto wangu wote, kazi yangu mwezi wa Ramadhani ilikuwa kukaa juu ya mbuzi na kukuna nazi kuanzia alasiri, na karibu kila kilichoingia kwenye tui lile kilikuwa cha shambani: mihogo, magimbi, ndizi mbichi, kunde, boga. Samaki au nyama vikiwapo vilikuwa kwenye bakuli la pembeni. Hakuna aliyeona kwamba tunakosa kitu.

Shangazi akaendelea. Boga lisiwe la maji. Litokote kwanza kwa tui jepesi na chumvi kiduchu, kisha sukari na iliki, kasimile, yaani lile tui zito, iingie mwishoni, moto mdogo, na usiondoe mwiko tui lisije likakatika. Sukari kiasi gani? "Ya kutosha." Tui? "La kutosha, wewe hujawahi kuona boga?" Kisha akacheka sana kwa kunifikiria nimejifunga kanga, nikampa salamu za watu wote wa nyumbani, tukaagana.

Nazi ya kukuna sikuipata, lakini tui la kopo lilikuwa tele kwenye duka la Waasia. Sikulipenda wala silipendi mpaka leo, ila kopo lisilotikiswa lina faida yake: zito limeganda juu, jepesi liko chini, kasimile yako imeshatengwa. Kwa Mhindi nilipata mbaazi kavu, zile nzima, nikaziloweka usiku wa Jumanne. Kisamvu nilikipata kwenye duka la Waafrika, kimeshatwangwa na kugandishwa, pakiti imeandikwa pondu kwa ajili ya Wakongo. Muuzaji alinisukumia na dagaa, akashangaa sana nilipokataa.

Boga lilinipa kazi kidogo. Yale makubwa ya rangi ya chungwa wanayoyachonga sura mwishoni mwa Oktoba yalikuwa yakiuzwa kwa bei ya kutupa, lakini hayo ni maji na nyuzi, yamezalishwa yapendeze kibarazani. Nikachukua kabocha, boga la Kijapani lenye ganda la kijani kibichi. Ndani ni kavu, la manjano iliyoiva, na likipikwa linakuwa laini bila kumomonyoka. Hilo ndilo boga la futari.

Nimeshapima sukari, mama mwenye nyumba akanikimbilia na simu mkononi: mjukuu anauliza ni sukari gani. Nilidhani anatania. Kumbe viwanda vingine vya Marekani husafisha sukari ya miwa kwa kuipitisha kwenye makaa ya mifupa ya ng'ombe. Miaka yote ile ya kusoma pakiti, hilo halikuwa limenifikia, na binti aliyeanza juzi alikuwa analijua. Tukabadilisha, tukatia sukari ya bitiruti, inayolimwa kwa wingi jimbo jirani la Minnesota na ambayo haipiti kwenye mifupa.

Alhamisi tulikaa mezani saa tisa alasiri, saa ambayo kwetu si ya chakula cha mchana wala cha usiku. Bata mzinga alikuwa katikati kama kawaida. Binti alikuwa amekuja na wake wa bandia, donge la tofu, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa, na protini ya ngano, lililookwa kahawia. Nilionja kwa adabu. Lilikuwa kama sponji ya vyombo iliyolowekwa kwenye supu, na sijui kwa nini mtu aliyeiacha nyama aitafute tena katika sura hiyo. Hata yeye mwenyewe hakukata kipande cha pili.

Upande wangu wa meza ulikuwa na mbaazi za nazi zenye manjano na pilipili hoho, kisamvu, ndizi mbichi, wali, maandazi, na boga lenyewe. Baba mtu alifika amechoka, mikono imepasuka kwa baridi, akamsalimu binti yake kwa ufupi. Hakumtazama tena mpaka alipoiona sahani ya mbaazi ikipita. Akaona ule weupe mzito uliofunika mbegu, uso wake ukafunguka.

"Mmetia krimu!"

Binti alishatia kijiko kinywani. Akasimamisha kutafuna. Meza nzima ikanigeukia. Nilikwenda jikoni nikarudi na kopo tupu, nikampa baba, naye akalisoma mbele na nyuma kama nilivyokuwa nikisoma mimi pakiti zangu. Nazi na maji. Akalirudisha mezani bila neno, akaonja tena. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya mtu wa biashara, mnazi unazaa nazi ngapi kwa mwaka. Nikamwambia kwetu mnazi ukitunzwa vizuri unaweza kufikisha sitini au zaidi. Akauliza unakula nini. Nikasema hauli kitu, unasimama tu mchangani. Hapo akacheka, na binti naye akacheka, na nadhani hayo ndiyo mazungumzo marefu zaidi waliyoyafanya wakiwa pamoja siku ile, ingawa yote yalipitia kwangu.

Mama mwenye nyumba alitaka kujua majani yale ni ya mti gani. Nilimweleza kuhusu mhogo, kwamba majani yake mabichi yana sumu na ndiyo maana yanatwangwa na kuchemshwa muda mrefu. Akarudisha uma taratibu, nikamhakikishia yalichemka vya kutosha, akauchukua tena. Ndipo nikawaambia kwamba mhogo wenyewe ni wa bara lao, Wareno waliuvusha kutoka Amerika Kusini. Mahindi vilevile, na boga hili. Mbaazi na ndizi ndizo zilizotujia kutoka Asia. Babu mmoja wa upande wa mkwe, ambaye hakuwa amesema kitu tangu tuketi, akasema basi ningewatoza nauli. Boga halikufika kwenye zamu ya vitu vitamu. Lililiwa pamoja na wali, na pai ya boga, yenye mayai na maziwa yake, ikabaki karibu nzima.

Mimi kwa mara ya kwanza tangu nifike Marekani nilijaza sahani ya sikukuu hii mpaka ukingoni bila kuuliza swali lolote. Hakuna aliyelitambua hilo ila mwenyewe, kwa vile wote walikuwa wamemkazia macho binti waone anakula nini.

Giza liliingia mapema, kwenye saa kumi na moja hivi. Baba akavaa koti lake, maana ng'ombe hawana sikukuu, kuna ukamuaji wa jioni unamsubiri. Mama yake akaanza kumfungia mabaki: paja la bata, viazi, mkate. Akanyoosha kidole kwenye sufuria ya mbaazi.

"Na hizo."

"Baba, hizo zangu," binti akadakia. "Wewe una bata mzima."

Wakabishana pale mlangoni kwa dakika kadhaa, baridi yote inaingia ndani, mama mwenye nyumba anawakemea wafunge mlango. Mwishowe waligawana nusu kwa nusu kwenye vibakuli vya plastiki, wakamaliza na maandazi. Kesho yake asubuhi nilishuka jikoni kutafuta mbaazi za kufungulia kinywa, nikakuta sufuria imeshaoshwa. Nikala pai.