Chumvi Juu ya Tunda

Somo: Wakolosai 4:2–6

Bwana asifiwe, wapendwa.

Nyunyiza chembe chache za chumvi juu ya balungi, kisha ule. Utamu unazidi, ingawa sukari hukutia. Mwaka 1997 watafiti Paul Breslin na Gary Beauchamp walieleza jambo hili katika jarida la Nature: walichanganya kitu kichungu na sukari, wakatia chumvi yenye sodiamu, na uchungu ndio uliopungua. Utamu uliokuwa umefunikwa ukajitokeza. Chumvi haina utamu wa kutoa. Inaondoa kilichouziba ule uliokuwamo tayari.

Paulo anataka maneno yetu yawe na neema siku zote, yakikolea munyu, yaani chumvi. Angeweza kutaja asali, maana Maandiko yanaisifia mara nyingi. Lakini katika Walawi 2:11 asali inakatazwa kuteketezwa madhabahuni, na mistari miwili mbele chumvi inaagizwa isikosekane katika matoleo. Sababu ya kuikataa asali haikuandikwa pale, nami sitaitunga. Hata hivyo, sisi tuliozoea kupambana na kila huzuni kwa maneno matamu tungekaa na mistari hiyo kidogo.

Maneno ya asali hayatugharimu kitu. Aliyefiwa anaambiwa, "Utazoea tu." Aliyegombana na nduguye anaambiwa, "Wewe huna kosa, achana naye." Anaitikia, anashukuru, anaondoka na uchungu wake uleule. Neno lililokolea chumvi linaufuata uchungu ulipo. Linamuuliza mfiwa, "Usiku unapata usingizi?" na linasubiri jibu. Linamwambia yule mwingine, "Hapo ulimkosea. Twende wote ukazungumze naye." Linachoma kidogo. Kisha unaanza kuona ndani ya mtu huyo upole ambao si wewe uliouweka, wala huna haki ya kujisifia.

Kiasi nacho ni kazi. Chumvi ikizidi, tunda halionjeki tena. Wapo kati yetu wanaomwaga kopo zima wakisema wao ni watu wa ukweli, na waliokimbia ibada kwa ajili yao hatujawafuata bado.

Paulo anasema tujue jinsi ya kumjibu *kila mtu*. Embe lililoiva vizuri halina uchungu mwingi wa kupunguzwa, basi chumvi haiongezi kitu kikubwa. Vivyo hivyo, yuko ndugu ambaye wiki hii hahitaji onyo lako hata chembe. Amefurahi; furahi naye, unyamaze.

Tutajuaje yupi ni yupi? Mistari michache kabla, Paulo, akiwa kifungoni, anawaomba Wakolosai wamwombee ili aseme kama impasavyo kusema. Mtume mzima! Basi kama kuna jina lililokujia ukisoma haya, usimpigie simu kwanza. Mtafute mwenzako mmoja akuombee, halafu ndipo uende.