Daftari la makosa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno la wiki hii ni Zaburi 130:3: "BWANA, kama Wewe ungehesabu maovu, Ee Bwana, nani angesimama?"

Edward Henry aliishi kwa kuhesabu maovu. Ndiyo kazi iliyompa mkate. Mwaka 1891 alifanywa Inspekta Jenerali wa Polisi wa Bengal, India ikiwa bado chini ya Waingereza. Kilichomsumbua ni mhalifu kukamatwa leo kwa jina hili, kesho kwa jina jingine. Dawa akaiona kwenye alama za vidole. Kuzichukua ni rahisi. Kazi ni kuzipanga hivi kwamba ukitafuta moja kati ya maelfu uipate. Fumbo hilo lilifunguliwa na wasaidizi wake wawili Wahindi, Azizul Haque na Hem Chandra Bose. Haque ndiye aliyepiga hesabu za kuzigawa katika vijumba 1,024. Ofisi ya Calcutta ikaanza mwaka 1897, na mfumo ukaitwa wa Henry. (Hilo nalo lina tafakari yake, siku nyingine.) Wazee wetu wa Kenya waliovishwa shingoni kipande, kile kitambulisho cha lazima cha enzi za ukoloni, walijua vizuri wino ule wa vidoleni ulivyotumika.

Kufikia 1903 Henry alikuwa mkuu wa polisi wa London. Novemba 1912, Henry akirejea nyumbani, kijana aitwaye Alfred Bowes alimngoja mlangoni akampiga risasi. Kisa? Kunyimwa leseni ya udereva. Henry alipona, ila maumivu yalimrudia mara kwa mara hadi kufa kwake.

Mahakamani akamwombea Bowes huruma: kijana alitaka tu kujiinua, apate cha kumtunzia mama yake mjane. Bowes alihukumiwa miaka 15. Alipotoka mwaka 1922, nauli yake ya kwenda Kanada, akaanze upya, ililipwa na Henry.

Yule aliyehakikisha kosa la mtu linamfuata kila aendako, ndiye aliyemlipia mwenye kosa safari ya kwenda asikojulikana.

Mimi sina kabati la alama za vidole. Nina daftari moyoni. Yumo ndugu mmoja: tarehe, saa, hata shati alilovaa siku aliponitamkia lile neno. Mwaka wa tisa huu. Jumapili tuliposimama kuisoma zaburi hii, nilipofika "nani angesimama" niliketi.