Bonzour Kwanza, Shelisheli Baadaye

Mtu wa Tanga ukimwambia hajui kusalimia, umemtukana. Mimi nimeambiwa, tena sokoni, kisiwani Mahé, nchini Shelisheli, na aliyeniambia alikuwa na haki.

Niliamka na hasira. Chumba nilicholipia usiku mmoja kwa pesa ya kodi ya mwezi mzima nyumbani kilikuwa na feni inayozunguka ikijisikia, na chai ya asubuhi ilikuwa na bili yake. Nikashuka Victoria, soko la Sir Selwyn Selwyn-Clarke, kutafuta cha bei nafuu. Nikaona shelisheli zimepangwa mezani. Nikainua moja, nikauliza kwa Kiingereza: bei gani?

Bibi muuzaji alipangusa kisu kwenye aproni, akanitazama. "Bonzour." Nikauliza bei tena. "Bonzour," akarudia polepole, kama anamfundisha mtoto kusoma. Muuza pilipili wa pembeni akacheka. Uso ukaniwaka. Kwetu si ndiyo yale ya "kwani tumelala pamoja?"

"Bonzour, madanm."

Akakunjuka. "Ki mannyer?" Kumbe ni "habari gani" kwa Kikreoli chao, lakini masikio yangu yakasikia kitu cha ngeli ya KI-VI, nikabaki nimeduwaa hadi muuza pilipili aliponinong'oneza: "Mon byen, mersi." Nikarudia, tukawa watu.

Ila moyo haukutulia. Bibi wa umri ule kumpa bonzour ileile ya mtoto wa shule, niliona kama nimemrushia "mambo". Kwa Kiingereza changu cha kuombea maji nikamuuliza kama wazee wana salamu yao. Hawana. Ukiongeza madanm au msye, imetosha.

Sura yake, wallahi, ilikuwa ya shangazi yangu wa Pangani. Si ajabu. Wafaransa walianza makazi hapa mwaka 1770 wakiwa na watumwa, na kuanzia 1861 Waingereza wakawashusha Waafrika waliookolewa kwenye majahazi ya biashara ya utumwa. Maneno mengi ya Kikreoli yametoka Kifaransa, lakini yanavyotamkwa ukiwa mbali kidogo unadhani watu wa kwenu wanagombana.

Nikamwambia tunda hili kwetu ni shelisheli, na nchi yenu pia ni Shelisheli. Yeye analijua kwa jina la friyapen, tunda la mkate. Akaliangalia, akaniangalia. "Kwa hiyo mnatula?"

Tunawala, nikasema, kwa tui la nazi. Akapiga kofi: hiyo ladob! Ila wao huweka sukari, vanila na kungumanga, nami nikamwona mama yangu akikunja uso, maana kwake sukari kwenye shelisheli ni uharibifu. Tulibishana mpaka foleni ikajaa nyuma yangu.

Siku nne zilizofuata zilikuwa fukwe na picha. Asubuhi ya mwisho nilirudi sokoni, bonzour tangu mlangoni: kwa wavuvi, kwa muuza pilipili, hata kwa yangeyange wanaodokoa matumbo ya samaki, ambao wenyeji huwaita Madanm Paton. Bibi akafurahi, akaniuliza habari za mama.

Bei ya shelisheli ilikuwa ileile.